Mstari Uliokataa Kulala

Nilikisikia kicheko kabla sijaona chochote. Nilikuwa nimetoka kwenye jua la mchana, lile jua la Siyu linalomwachia mtu weupe mtupu machoni, na nilipoingia nyumbani nikabaki nimesimama kwenye ua wa ndani, kikapu cha samaki mkononi, nikingoja kuona tena. Ndipo kikaja, kutoka nyuma kabisa ya nyumba. Kicheko kifupi, cha chini, kilichoanza kooni kikazuiwa kwa kiganja. Kicheko cha mwanamke anayetaniwa na mtu anayempenda.

Nyumbani hapakuwa na mtu ila mama, na mama alikuwa katika eda. Udongo wa kaburi la baba ulikuwa haujashuka bado.

Nilikifuata kile kicheko. Nilipita msana, ule ukumbi mrefu wa mbele, nikapita chumba chenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, nikafika nyumba kati, ndivyo tukiitavyo chumba cha mwisho katika nyumba zetu za mawe, chumba kisicho na dirisha hata moja. Humo ndimo wanawake wa ukoo wetu walimozalia zamani, na humo ndimo maiti wetu huoshwa mpaka leo. Sakafu ina mfereji mwembamba wa kupitisha maji. Baba alioshewa humo.

Mama alikuwa ameketi mkekani, mavazi yake meupe ya ujane yakionekana kama kitu kilichosahauliwa gizani. Miguu ameinyoosha, mgongo ameuegemeza ukutani. Alikuwa akiutazama ukuta wa pili, si kama ukuta unavyotazamwa, bali kama anavyotazamwa aliyeketi mbele yako.

“Mama, unacheka na nani?”

“Na babako. Kwani nani mwingine wa kunichekesha katika nyumba hii?”

Alisema kama mtu anayesema wali umeiva. Kisha akageuza uso, akanusa.

“Hao samaki umewanunua au wamekufuata wenyewe? Watie chumvi kabla hawajaamka.”

Hicho ndicho kilichonitisha. Angekuwa amerukwa na akili kabisa ningejua la kufanya. Lakini akili yake ilikuwa kali kama kisu, ila pahali pamoja tu, na pale pahali palikuwa wazi, na baba alikuwa akipita hapo.

Mamake mama, bibi yetu, alianza hivyo hivyo. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka. Alianza kwa kucheka na dada yake aliyekwisha kufa. Kisha akasahau njia ya kisimani, akasahau mpangilio wa sala, akasahau kuwa uji hunywewa ungali vuguvugu. Mwisho akamsahau mama. Alikufa katika nyumba hii hii akiwa mgeni wetu. Tangu siku ile hakuna aliyeutaja ugonjwa ule kwa jina, lakini kila mwanamke wa kwetu akisahau pahali alipoweka ufunguo, wengine hunyamaza muda mrefu kidogo kuliko kawaida.

Kwa hiyo swali lilikuwa moja, na lilikaa nasi kwenye sinia la chakula: je, huu ni msiba, au ndiyo yale ya bibi?

Nilimpigia dada yangu. Yeye ni mkubwa kwangu, na anafanya kazi katika maabara ya chuo kikuu kimoja Nairobi. Kazi yao ni kutengeneza vifaa vinavyotumia mwanga kuzitambua protini za magonjwa katika damu, zikiwa kidogo sana, kabla ugonjwa haujajitangaza wenyewe. Protini aliyoichagua yeye ni ile inayovuja kutoka kwenye ubongo unaoanza kuharibika kwa maradhi ya kusahau. Wenzake walidhani aliichagua kwa sababu ni ngumu. Mimi nilijua sababu, na hatukuwahi kuizungumza.

“Umehakikisha alikuwa anacheka?” aliniuliza. “Si kwamba alikuwa analia ukadhani anacheka?”

“Dada, kicheko cha mama nakijua.”

“Mlete huku.”

“Yuko eda.”

“Mgonjwa ana ruhusa. Dini haikumfunga mgonjwa.”

“Basi mwambie mwenyewe.”

Alimwambia. Mama aliishika simu mbali na sikio, kama kawaida yake, kwa hiyo nilisikia yote. Akajibu kwamba hatatoka katika nyumba ya mumewe kabla eda haijaisha kwa sababu ya maradhi ambayo hakuna aliyeyaona, na kwamba kama Nairobi inamtaka sana, Nairobi ina miguu.

Nairobi ikaja. Wakubwa wake dada walikuwa wakitaka kujua kama mtambo wao utavumilia joto na hewa ya chumvi nje ya maabara, naye akasema anajua nyumba yenye vyote viwili. Alishukia Faza kwa boti, akapanda pikipiki mpaka Siyu. Nilipokwenda kumlaki njiani nilimkuta amepakata sanduku, amelifunga kwa leso, analikinga na mashimo ya barabara kama mtu aliyembeba mtoto mwenye homa. Mwenye pikipiki alikuwa amenuna. Alisema abiria huyu amemwambia “taratibu” mara nyingi mpaka pikipiki ilitaka kulala.

Mtambo wenyewe ulikuwa na ukubwa wa cherehani ya mkono. Dada alinionyesha moyo wake: kipande cha kioo kidogo kuliko ukucha, kilichopakwa dhahabu. Dhahabu ile ilikuwa nyembamba kiasi cha kuonekana upande wa pili. Nilikiinua nikatazama ua wetu kupitia kwake, na kila kitu kikawa kijani cha majini, kuta, birika, miguu yangu mwenyewe.

“Juu ya hii dhahabu,” alisema, “nimepanda kingamwili, wale walinzi wa mwili. Kila mmoja anamjua mgeni mmoja tu, ile protini, na hafungui mlango kwa mwingine. Mwanga unakuja kutoka chini, unaipiga dhahabu, unarudi. Protini ikija ikakaa juu ya dhahabu, mwanga hurudi umebadilika kidogo sana. Kompyuta inauchora ule ubadilikaji. Ndio huu mstari.”

“Kwa hivyo haiioni ile protini.”

“Haiioni. Inaona mwanga ukishtuka.”

“Kama mtu aliyeguswa gizani.”

“Wewe na riwaya zako,” alisema. Lakini hakukanusha.

Tatizo lilikuwa jua. Mtambo ule ulitaka giza, utulivu na ubaridi, na jua la kwetu huingia mpaka kwenye ndoto. Tulizunguka nyumba nzima tukijua tangu mwanzo tutakapoishia. Dada ndiye aliyekwenda kumwomba mama.

“Nyumba kati mna mtu,” mama alisema.

Dada akanitazama.

“Lakini kaeni upande wa mlango. Upande wa ukutani ni wake.”

Ndivyo tulivyouweka mtambo juu ya kigoda, upande wa mlangoni, mahali ambapo wiki chache nyuma walikuwa wamesimama wanaume na ndoo za maji. Waya ukatambaa mpaka kwenye betri ya sola iliyokuwa uani. Dada akavipanga vile vipande vyake vya kioo ndani ya kidaka kimoja, juu ya kitambaa cheupe, vikiwa wazi, tayari kwa kazi.

Shangazi yetu, dada mkubwa wa baba, alikuwa akija kila alasiri kumtazama mama na kuilinda eda yake. Eda yenyewe ina masharti yake: mjane hatoki, hajipambi, hatii hina wala wanja, hajitii manukato ya aina yoyote. Shangazi aliyajua masharti hayo kuliko alivyojua jina la baba yake, na mitaani alikuwa na masikio mengi yaliyokuwa yakimsubiri aseme. Alipouona mtambo alisimama, mikono kiunoni.

“Nini hiki? Mwataka kumpima wifi yangu wazimu kwa kurunzi?”

“Si wazimu, shangazi,” dada alisema. “Ni maradhi.”

“Mjane asemaye na mumewe ni mgonjwa? Basi nti nzima ina homa. Mimi marehemu wangu namtukana kila nikiona lile paa alilokataa kuliziba, na hakuna aliyeniletea mtambo.”

“Shangazi, naye akujibu?” dada aliuliza.

“Ajibu nini, na uongo wote aliumaliza angali hai?”

Mama alicheka sana. Alicheka kicheko chake cha kawaida, cha mdomo wazi, na nikauona uso wa dada ukilegea kwa mara ya kwanza tangu afike. Kwa dakika chache tulikuwa nyumba isiyo na mgonjwa.

Dada alimtoa mama damu asubuhi iliyofuata. Alikuwa amesomea kazi za maabara ya hospitali kabla hajaenda kwenye mambo ya mwanga, na mkono wake ni mwepesi. “Taratibu,” mama alimwambia, “hiyo unayoiiba ndiyo iliyokuzaa.” Damu ikazungushwa kwenye kimashine mpaka ikajitenga, majimaji ya manjano yakabaki juu. Dada akayatia katika vichupa vidogo, akavizika kwenye sanduku la barafu ya wavuvi.

Lakini damu haipiti kwanza. Kwanza hupita maji matupu yaliyotiwa chumvi kwa kipimo, na mstari lazima ulale, unyooke kama uzi uliovutwa. Hiyo ndiyo shahada ya mtambo: kwamba hauoni kitu pasipo na kitu. Usipolala, lolote utakalosema baadaye halina maana.

Dada alipitisha maji. Mstari ukapanda.

Ulipanda polepole, kama mtu anayepanda ngazi bila kutaka kusikika. Dada akabadilisha kipande cha kioo. Ukapanda tena. Akabadilisha maji, akaosha mirija, akauzima mtambo akauwasha. Kufikia mchana mstari ulikuwa umetulia kiasi, akadhani amelipata kosa. Kulipokucha ukapanda upya, juu kuliko jana.

Siku zikaenda hivyo. Alishuku chumvi ya hewani. Alishuku joto. Alishuku vumbi la chokaa linalodondoka kwenye kuta za zamani, akaniamuru nifagie dari kwa kitambaa kilicholowa. Alishuku punda wanaopita kichochoroni kwamba wanatikisa ardhi, akakaa asubuhi nzima akisikiliza kwato na kutazama mstari, na punda wakatoka bila hatia. Akanishuku mimi, pumzi zangu, akanitoa nje. Nikiwa nje mstari ulipanda vilevile.

“Kuna kitu kinakuja kukaa juu ya dhahabu,” aliniambia. Alikuwa ameketi sakafuni, nywele zimemtoka ushungini. “Kila asubuhi kipo. Nakiosha, kinarudi.”

“Kitu gani?”

“Ningekijua ningekuwa nimekaa hapa nimenuna?”

Nilitazama upande wa ukutani. Sikutaka kutazama, lakini shingo iligeuka yenyewe.

Kulikuwa na jambo sikumwambia. Baba alikuwa fundi wa mashine za boti kule Faza, na maisha yake yote alirudi nyumbani akinuka petroli. Petroli haitoki kwa sabuni. Ndiyo maana mama alikuwa na desturi yake: baba akishaoga, yeye huwasha chetezo, humfukiza udi nguo na ndevu mpaka awe mtu wa kukaa naye. Harufu ya baba kwangu mimi ilikuwa hiyo, udi juu, petroli chini yake. Alipokufa, chetezo kilifungwa kwenye gunia kikawekwa, maana nyumba yenye mjane wa eda haifukizwi.

Basi, alfajiri zile nilikuwa nikiamka huko ghorofani tulikolala na kuisikia. Nyembamba, karibu haipo. Udi. Nikivuta pumzi kwa nguvu ilikuwa imekwenda.

Nilijiambia ni msiba. Kisha nikajiambia maneno mabaya zaidi: mama anamsikia, mimi ninamnusa, na mtambo usiojua kulia wala kukumbuka unamwona juu ya maji matupu. Au basi hakuna mtu, na kinachotupata ni kile kile kilichompata bibi, na mimi pia ni mjukuu wake. Sikujua ni lipi kati ya hayo mawili nililoliogopa zaidi. Nilikuwa nikioga kwa haraka siku hizo. Nilikuwa nikipita mbele ya nyumba kati bila kugeuza uso.

Asubuhi moja dada alichoka kuilaumu dunia nzima. Alichukua pamba nyeupe, akailoweka spiriti, akaisugua juu ya vile vioo vilivyolala kwenye kidaka, kimoja kimoja, kisha na kwenye dirisha dogo la mtambo ambamo mwanga hupitia. Alitoka nayo uani kwenye jua. Nilimwona akiitazama. Pamba ilikuwa imegeuka rangi ya chai nyepesi.

Akaileta puani. Uso wake ukabadilika.

“Nusa.”

Nikanusa. Alikuwa baba, ametoka kuoga, amesimama mlangoni, anauliza kofia yake iko wapi.

“Wewe pia huwa unaisikia?” nilimuuliza.

“Kila alfajiri.” Macho yake yalikuwa yamejaa. “Nilidhani ni mimi peke yangu. Nilidhani naanza.”

“Na mimi.”

Tulitazamana. Kisha dada akaanza kucheka, nami nikacheka, vicheko vibaya vya watu waliokuwa wakilia kichinichini siku nyingi.

“Mzuka hauchafui kioo,” alisema. “Huu ni moshi. Kuna mtu anachoma udi mle ndani. Moshi unaacha utomvu wake juu ya dhahabu, mwembamba, hata jicho halioni. Lakini mwanga unaona.”

Hatukuulizana ni nani. Hakuna mlango mwingine katika nyumba ile, na sisi wawili tulikuwa tumelala juu.

“Mwanusa nini?”

Shangazi alikuwa amesimama kwenye daka, ule ukumbi mdogo wa mlangoni. Siku ile alikuwa amekuja mapema. Dada aliifumba ile pamba kiganjani.

“Dawa, shangazi.”

“Dawa gani yanukia arusi?”

“Spiriti tu. Ya hospitali.”

Shangazi alisogea, akavuta hewa kwa pua yake nyembamba, mara moja, taratibu. Nilikuwa nikijua neno moja lake lingefika hata kijiji cha Mbwajumali kabla ya magharibi: mjane wa fulani amejifukiza udi ndani ya eda, anamngojea nani? Nilihesabu shanga za tasbihi yake ili nisimtazame usoni.

“Hospitali za Nairobi zina raha,” alisema mwishowe. Akavua baibui akaingia kumsalimu mama. Mpaka leo sijui kama aliamini. Nimewahi kufikiri kwamba alijua vizuri, na kwamba ule ulikuwa msamaha wake.

Alipoondoka mama alituita. “Ndooni hapa.”

Tulimkuta nyumba kati, upande wake. Alinyoosha mkono ndani ya kidaka cha chini kabisa akatoa kikombe kilichovunjika mkono. Ndani mlikuwa na kipande cha kaa lililozimika na jivu laini.

“Ni mimi,” alisema. “Msiwashuku punda.”

“Mama,” dada alisema, “eda…”

“Eda naijua. Nusa nguo zangu. Nusa nywele. Sikujitia mimi hata chembe. Nimekifukiza chumba.”

“Chumba kina mtambo!”

“Mtambo umekuja umemkuta.”

Dada akakaa chini. Nilidhani atagomba, lakini alipouliza sauti yake ilikuwa ya mtu anayetembea juu ya mayai.

“Huja lini, mama?”

“Alfajiri. Hayi kila siku. Akiya, hukaa pale, na petroli yake. Yuwaona haya. Wajua babako hakai kitako kabla hajafukizwa, husimama tu kama mgeni. Basi nami natia kipande, hata punje ya mchele ni kubwa, nafunika na kikombe moshi usipande kwenu. Ndipo hukaa.”

“Na mnazungumza nini?”

“Mashine za watu. Boti ya huyu haiwaki, ya yule imekula mafuta. Jana alikuwa atafuta spana yake ndogo, nikamwambia uliizika mwenyewe kwenye mchanga, akacheka.”

“Hasemi habari za kaburini?” nilimuuliza mimi. Nilitaka sana kujua. Mungu anisamehe, nilitaka kujua.

Mama alinitazama kama aliyesahau kuwa nipo.

“Hajui kuwa amekufa,” alisema. “Nami naogopa kumwambia.”

Tone la maji lilidondoka mahali fulani kwenye mirija ya mtambo.

Dada alimwomba jambo moja tu: alfajiri moja bila moshi. Angeweza kuvifunika vioo vyake na kufunga mlango, lakini hakufanya hivyo. Alimwomba kama mtu anayeomba funguo za nyumba isiyo yake. Mama alifikiri sana. Akakubali.

Asubuhi iliyofuata dada alifungua vioo vipya, akapitisha maji. Tulikuwa tumeketi bega kwa bega gizani, kompyuta ikituangaza nyuso kwa rangi ya buluu. Mstari ukaanza kushoto, ukaenda, ukaenda. Haukupanda. Ulilala umenyooka, na nikasikia pumzi ikimtoka dada kwa sauti.

Akapitisha damu yake mwenyewe kwanza, kwa kulinganisha. Mstari ulitikisika kidogo, ukarudi chini. Yangu sikumpa, wala hakuniomba.

Kisha ya mama.

Kwa muda hapakuwa na kitu. Nilianza kutabasamu. Ndipo mstari ukainuka, bila papara, ukapanda na kupanda, ukapita pale ulipoishia wa dada, ukapita pale dada alipokuwa amegusa kwa kidole akisema tukifika hapa tutazungumza. Huko juu ukatulia. Dada akaosha, akabadilisha kioo, akarudia. Ukapanda njia ile ile, kama mtu anayerudi kwake.

Hakulia. Aliuzima mtambo, na giza lilipotufunika lilikuwa zito kiasi kwamba niliinyoosha mikono.

Mama alikuwa akitusubiri msana, anachambua mchele.

“Mtambo umesema nini?” aliuliza bila kuinua kichwa.

“Mtambo huu ni wa majaribio, mama. Haukati kesi. Itabidi twende hospitali Mombasa, eda ikiisha, wakupime kwa vyao.”

“Nimekuuliza umesema nini.”

“Umesema ipo,” dada alisema. “Ile ya bibi. Ipo nyingi kuliko inavyotakiwa. Ugonjwa ungali mwanzoni.”

Mchele uliendelea kupita vidoleni mwake. Alitoa jiwe, akaliweka pembeni.

“Kuna dawa?”

“Ya kuuondoa, hakuna. Ya kuuchelewesha, huenda, kwa baadhi ya watu. Na kuna mengi ya kufanya, mama, usingizi, chakula, watu wa kukaa nawe…”

“Na yeye?”

“Yeye nani?”

“Babako. Wakinipa hizo dawa, ataendelea kuya?”

Dada alivua miwani. Nimeona watu wakimuuliza maswali magumu mbele ya ukumbi uliojaa, na hajawahi kukosa jibu. Aliifuta miwani kwa ncha ya mtandio, akaifuta tena.

“Sijui, mama. Huenda asije.”

Mama akaacha kuchambua. Mikono ilibaki ndani ya ungo, na nilitamani mstari ule ushuke, nilitamani dada aseme kwamba mirija ilikuwa michafu, kwamba punda walipita.

“Mamangu,” alisema mwishowe, “mwisho alikuwa na watu wengi chumbani. Wote maiti. Alikuwa awakaribisha, awaulizia watoto wao. Mimi niliyekuwa hai nalikuwa nimesimama mlangoni na uji, hata nafasi ya kukaa hakunipa. Akiniuliza, wewe mwana wa nani?” Alitutazama, mmoja, kisha mwingine, polepole, kama mtu anayepanga vyombo mahali pake. “Ninyi sitawauliza hilo kabla haijawa lazima.”

“Mama…”

“Na babako aambiwe, basi. Si haki mtu kukaa katika nyumba bila kujua.”

Alijikung’uta mapepe ya mchele, akaingia nyumba kati. Sisi tulibaki msana. Tulimsikia akiongea, sauti ya chini, maneno hayakufika. Mara akanyamaza. Nilingoja kicheko. Hakikuja. Kilichokuja ni sauti yake tena, laini zaidi, ile sauti aliyokuwa akitumia kutuamsha tukiwa wagonjwa.

Alipotoka alikuwa akitembea polepole, kidogo pembeni, kama watu wawili wanavyopita katika mlango mwembamba. Mkono wake mmoja ulikuwa umeinuliwa kidogo. Alitupita bila kututazama. Tulimfuata kwa mbali, uani, mpaka kwenye daka. Kizingitini alisimama, maana mjane havuki. Akaufungua mlango, bawa moja, kisha la pili, na jua likaingia likatupiga machoni.

“Watoto wako wazima,” alisema kuelekea nje. “Wamekula. Enda, Bwana.”

Alingoja kidogo, kama mtu anavyomngojea mwenziwe avae viatu. Kisha akaufunga mlango.